Moshi Mweusi wa Gari la Selemani

"Kanyaga mafuta tena," alisema Mrisho, ameinama nyuma ya gari la mwenzake.

Selemani akakanyaga. Moshi mweusi ukamfuata Bibie, mwenye nyumba, hadi kwenye kanga yake alipokuwa akipita uani, birika la chai mkononi.

"Unauona? Hiyo petroli haiungui. Mbeya tuko juu, hewa nyepesi. Kabureta yako, inayochanganya petroli na hewa, imepimiwa Tanga kule pwani, inamwaga petroli ileile na hewa haitoshi. Shika jeti hii, kipande kinachopitisha petroli, tundu lake dogo. Utaniletea ushindani."

Selemani akacheka. "Mpinzani wangu ndiye mganga wangu? Rudisha mfukoni."

"Basi tushindane sasa hivi, kungali baridi. Hewa ya baridi nzito, injini inashiba. Mchana zitachoka zote, yangu na yako."

"Sasa hivi nani atatuona? Baada ya sala ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini."

Mwaka ule wa 1957 Selemani, mtoto wa kaka yake Bibie, alikuwa ametuma simu ya maandishi: NAKUJA KUPOSA CHIKU. NAKUJA NA GARI. Bibie akafurahi, damu irudi kwenye damu. Lakini Mrisho, fundi wa magari kutoka Ipogolo kule Iringa, alikuwa ameshamposa binti huyo wa Bibie. Chiku alisema atajibu jioni ya Ijumaa hiyo.

"Mama, umemsikia Mrisho?" Chiku akanong'ona.

"Nimemsikia. Mjinga, anamfundisha mwenzake kumshinda."

Mchana jua likawaka. Leso ya kuanzisha mbio ikashuka, magari yakaruka pamoja kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji. La Selemani likakohoa, likatapika moshi, likabaki nyuma. La Mrisho likapita likiimba sauti moja, hadi wazee wakasimama.

Selemani akashuka, akaubamiza mlango. "Amenichezea gari! Lililala uani kwa shangazi, na huyu hakauki pale."

Watu wakamshika Mrisho kola.

"Shangazi, waambie," Selemani akamgeukia Bibie.

Bibie akawaza. Kaka yake angesemaje?

"Damu yangu ni yako, Selemani. Ila masikio ni yangu. Asubuhi alikupa jeti mkononi, ukaikataa."

Kola ikaachiwa. Mrisho akafungua kabureta ya Selemani, akabadilisha jeti. "Kanyaga."

Gari likanguruma, moshi haukuonekana.

"Zuri mno hili," Mrisho akasema, akilipapasa. "Lingenitoa jasho."

Selemani akainamisha kichwa. "Nilidhani unanitega, ndugu yangu."

Kina mama wenzangu, mimi ninayesimulia nawaonya: gari likiingia uani, msikimbilie kulitazama rangi. Msikilizeni kwanza anayeliendesha.

Jioni Bibie alimkuta binti yake jikoni.

"Haya, jibu lako?"

"Mama, mtu anayemwambia mpinzani wake ugonjwa wa gari, mimi atanificha nini?"

Bibie akachochea moto. Halafu akasema, "Mwambie awalete wazee wake kutoka Iringa."

"Asante, mama."

"Na waje polepole. Zile mbio nimeziona kwa macho yangu."