Mawe Matatu Yaliyobaki

— Fundi, usisimame hapo! Njia ni huku juu!

Upepo uliyachukua maneno ya Rangi ukayatupa baharini. Fundi aliyasikia, ila alijifanya hakusikia. Alikuwa amesimama penye njia panda, pale njia ya zamani iliposhuka kushoto kufuata ukingo wa genge, na njia mpya ikapanda kulia katikati ya vichaka. Huko chini mawimbi yaligonga miamba kwa hasira mpaka ardhi ikawa inatetemeka chini ya mabuti yake.

Zilibaki siku tisa yeye na Rangi waoane. Gauni lilikuwa juu ya cherehani kibandani kwake, kalishona mwenyewe, limebaki pindo tu. Lakini kabla ya kulimaliza alitaka kufika hapa, mahali mdogo wake alipoangukia mwaka jana, aweke tai aliyomshonea kwa kitambaa kilekile cha suti za harusi. Mdogo wake huyo walimwita Redio, maana akianza kuongea alikuwa hazimiki. Ndiye aliyekuwa asimame upande wake siku ya harusi.

— Weka basi turudi, mpenzi, — alisema Rangi. — Hali ya hewa imechafuka. Nilikwambia tangu asubuhi.

— Mbona una haraka? Si ndiyo kazi yako hii, unapita hapa kila wiki?

Rangi aliajiriwa na ofisi ya hifadhi kupaka mishale myeupe kwenye mawe, watembeaji wasipotee. Genge likipasuka mahali, njia huhamishwa, naye hufuta mishale ya zamani kwa rangi ya kijivu.

— Hapa sipiti, — alisema. — Nazunguka.

Fundi alidhani ni majonzi. Ukipenda mtu unamtafutia sababu hata asizoziomba!

Alilaza tai juu ya jiwe la njia panda, akaibana kwa kokoto.

— Nikinge mvua nipige picha. Nimwonyeshe Mama.

— Mama hataki kusikia habari za Redio, unajua.

— Ndiyo maana nampelekea.

Mama aliishusha picha ya Redio ukutani siku ripoti ya ofisi ilipotoka. Ripoti ilisema mishale ya zamani ilikuwa imeshafutwa tangu siku iliyotangulia, kwa hiyo kijana aliacha njia kwa kupenda kwake. Tena begini mwake kulikutwa chupa ya mvinyo iliyopasuka, nguo zote zinanuka. Watu wakajijumlishia wenyewe kwamba mtoto wa yule mama amekufa kwa ulevi. Mama akaacha hata kwenda sokoni, akawa anaagiza.

Fundi alifungua ujumbe wa mwisho wa mdogo wake, apige picha kama ile aliyomtumia, kwenye jiwe lilelile. Saa tano na dakika arobaini asubuhi:

"Dada, upepo wa huku unaninyoa bila maji! Nimembebea shemeji chupa ya kumpongeza. Mwambie asianze kula bila mimi."

Chini yake palikuwa na picha. Redio amekaa juu ya jiwe, anacheka meno yote nje. Fundi alikuwa ameitazama mara mia, na mara zote mia alitazama uso. Leo, kwa mara ya kwanza, alitazama jiwe.

Chini ya goti la Redio kulikuwa na mshale mweupe, safi kabisa, unaelekeza kushoto.

Akainamisha macho kwenye jiwe lililokuwa mbele yake. Lilikuwa la kijivu.

— Rangi.

— Naam.

— Njoo uone hii picha.

— Nimeshaiona, mpenzi, twende…

— Njoo!

Akaja. Akaitazama.

— Hiki ni nini chini ya goti lake?

— Labda… labda mvua ilikuwa imebandua ile rangi ya kijivu. Huwa inatokea.

— Mwaka mzima mvua imenyesha. Hii mbona haijaibandua?

Rangi akageuka kuelekea njia ya juu.

— Uliapa mbele ya Mama kwamba ulifuta tangu jana yake. Ulimshika mkono kabisa!

— Baridi kali hii, Fundi. Tuongee nyumbani.

— Tutaongea hapa. Mwenyewe ameangukia hapa.

Rangi akachuchumaa kwenye matope.

— Yalibaki mawe matatu, — alisema. — Nilishafuta ishirini. Matatu tu, nikasema nitamalizia kesho. Kesho yake nikachelewa kuamka.

— Na hii rangi ya kijivu ilitoka wapi?

— Jioni ile tulipokuja kumtafuta. Nilikuwa na kopo begini. Wenzangu walikuwa huko chini wanamwita jina, mimi… mimi nilikuwa napaka.

Fundi alimzaba kofi. Rangi hakuinua hata mkono kujikinga.

— Umekula kwa mama yangu kila Jumapili! Anakuita mwanangu! Unamwona anavyojifungia ndani kwa aibu, na wewe unamwomba akuongeze mchuzi!

— Niliogopa jela. Halafu nikaogopa kukukosa. Kila siku nasema leo namwambia, nikikuona unacheka nashindwa.

— Na ulikuwa wapi, mawe matatu yakushinde? Nani alikuita?

Rangi aliinua macho, akayashusha haraka.

— Acha, Fundi.

— Mwanamke mwingine?

— Acha, nakuomba. Kosa ni langu.

— Nani?

— Tazama simu yako. Siku moja kabla ya hiyo picha.

Vidole vilikuwa vimelowa, vikawa vinateleza kwenye kioo. Akaukuta. Ulikuwa ujumbe wake mwenyewe, na vimoyo viwili mwishoni. Saa kumi jioni:

"Nimefunga kibanda mapema leo. Acha hayo mawe bwana, hayakimbii. Njoo, chai inapoa."

Na jibu: "Yamebaki matatu. Haya, nakuja."

Ndiyo jioni aliyoombwa kuolewa. Alikubali kabla Rangi hajamaliza kusema, akampigia Redio palepale. Redio akapiga kelele za furaha, akasema kesho nakuja kwa miguu, napita njia ya pwani.

Fundi aliketi juu ya jiwe akalia kwa sauti.

— Ndiyo maana hukusema? — aliuliza baadaye.

— Ningesema, ungeukumbuka huo ujumbe. Sikutaka ubebe mzigo huo.

— Usijifanye mwema. Ulijificha nyuma yangu.

Rangi aliinuka matopeni.

— Ndiyo. Na hilo pia.

— Mpigie Mama.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Mtandao unashika. Redio alituma picha akiwa hapahapa.

— Atanilaani.

— Akulaani.

Fundi alipiga yeye mwenyewe, akaweka sauti ya juu, akamkabidhi Rangi simu.

— Haloo? Mwanangu? Mbona kelele hivyo, mko wapi?

— Ni mimi, Mama. Rangi.

Akasema yote. Mawe matatu, kopo la kijivu, kiapo cha uongo. Ujumbe hakuutaja. Fundi akainama kwenye simu.

— Na mimi ndiye niliyemwita, Mama. Nilimwambia mawe hayakimbii.

Sauti ya Mama ikaja, ndogo.

— Kwa hiyo mwanangu alifuata mshale.

— Ndiyo, Mama, — alisema Rangi.

— Hakuwa amelewa.

— Chupa ilikuwa yangu. Alikuwa ananiletea mimi.

Kwenye simu Mama alisikika akiburuta kiti.

— Kijana, sitaki kukuona mlangoni kwangu. Nenda ofisini kwenu ukaseme hivyohivyo, waandike upya. — Akavuta pumzi. — Na wewe binti, makosa yako tutayaongea mimi na wewe. Sasa njoo nyumbani. Ile picha naitaka ukutani leo, na msumari uko juu, siufikii.

Simu ikakatwa. Mvua ilikuwa imeongezeka.

— Na sisi, Fundi?

— Gauni limebaki pindo, — alisema Fundi. — Sitaligusa mpaka hiyo ripoti ibadilishwe. Na ikibadilishwa, bado sijui kama nitalimalizia.

Aliiokota tai juu ya jiwe, akaikamua maji, akaitia kifuani. Angeifunga kwenye fremu ya picha. Kisha akashika njia ya juu bila kugeuka, na Rangi akamfuata kwa mbali, hatua kumi nyuma. Fundi alifuata mishale myeupe aliyoichora Rangi, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu njia nyingine ya kumfikisha kwa mama yake haikuwepo.