Tangazo la Ndoa Nisiyoijua

Habari kwamba naolewa niliisikia kanisani, pamoja na watu wengine mia mbili.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza," padri alisoma. "Evaristo Lobo wa parokia hii, na Delfina Mascarenhas wa Bandra, Mumbai."

Delfina Mascarenhas ni mimi.

Wadau, niliganda. Nikamgeukia baba, anatazama altare. Mama yuko bize na rozari.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Baba ndiye aliyesema mwezi wa tano twende Goa, kule pwani ya kusini, likizo ya familia, tuzunguke makanisa ya kale. Mimi ni nesi wa watoto, sikuwa nimepumzika miaka miwili. Nikafurahi.

Kwenye treni mama akachukua simu yangu.

"Tunaenda kusali, mwanangu, si kuchati."

Nikampa. Mjinga mimi.

Siku tatu ilikuwa kanisa baada ya kanisa, na joto la kukausha koo. Na kila tulikoingia tulikuta familia ile ile, eti kwa bahati: mama mmoja mcheshi, mumewe, na kijana wao mrefu anayetazama viatu vyake. Kanisa la tatu yule mama alinishika mkono, akaugeuza kama anayekagua kitambaa. Nikadhani ni ukarimu tu...

Misa ilipoisha nikamvuta baba pembeni.

"Baba, Evaristo ndiye yule kijana mrefu?"

"Ndiye. Ana kazi melini, na hanywi."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Ungekataa."

"Nataka kurudi nyumbani leo."

"Tiketi ninazo mimi," alisema kwa upole. "Na nyumba tuliyofikia ni ya akina Lobo. Usituaibishe."

Nikamkimbilia mama anipe simu yangu.

"Baba yako ana presha, Delfina. Ukileta vurugu hapa atatuangukia."

Jumatatu tukaendelea na makanisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alisema kichwa kinamuuma, akabaki. Nilipigwa picha katikati ya akina Lobo, baba akinihimiza nitabasamu.

Jumanne nikapelekwa ofisi ya parokia. Padri lazima amhoji bibi harusi peke yake. Lakini kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi kidogo, na baba akakaa kwenye benchi hapo nje. Nililiona bega lake. Kila neno angelisikia.

"Delfina," padri aliuliza, "unaolewa kwa hiari yako?"

Nawaambia ukweli... ningesema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Padri akainua mkono.

"Usijibu kwanza. Tangazo husomwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Jana kuna mtu alikuja. Nimeisimamisha ndoa hii."

Nikajua ni Evaristo.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Akatoka mama.

Baba akaingia mbio. "Brigida, unafanya nini humu?"

"Nafanya ambacho mimi sikufanyiwa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Nami niliulizwa swali hili. Mama yangu amekaa nje, kama wewe. Nikasema ndiyo."

"Kwa hiyo hukunitaka?"

"Sikukujua, Anacleto. Nilikuzoea baadaye."

Baba hakuanguka. Alivuta kiti, akakaa, akafunika uso.

Mimi nikamgeukia mama. "Lakini simu ulinichukulia wewe."

"Nilikuwa upande wa baba yako mpaka Jumapili," alisema. "Jina lako liliposomwa nikauona uso wako. Nikashindwa."

Evaristo? Nilisikia baadaye kwamba naye alishusha pumzi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tulirudi Mumbai watatu. Baba alikaa miezi minne bila kutusemesha. Halafu asubuhi moja nikamsikia jikoni:

"Brigida, ukiulizwa leo utasema nini?"

"Niulize vizuri, nitakujibu."

Sikubaki kusikiliza. Niliwaachia jiko lao.

Wazazi mnaonisoma, mtoto akinyamaza msiandike kwamba amekubali. Na wewe binti uliyebanwa kila upande sasa hivi, sema hata kama sauti haitoki sawasawa. Huenda kati ya hao waliokuzunguka kuna mmoja anayetafuta ujasiri wa kukutoa.