Nyayo za Upande wa Kaskazini

Maiti ya Craig Sorrell ilikutwa Jumatatu asubuhi kwenye eneo la bao la kaskazini la uwanja wa futiboli ya Kimarekani, imelala kifudifudi, theluji imegandia kwenye kola ya koti. Risasi moja ya kifua. Aliyeiona wa kwanza ni mama wa usafi aliyekuja kuokota vikopo vya bia. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akawaambia wenzake kwamba meneja mkuu amelala uwanjani na haamki, kisha akaketi akavua glavu zake.

Inspekta Delphine Yancey alifika na Sajini Brophy wakati wataalamu wa uchunguzi wameshatandika mbao za kukanyagia kutoka mlango wa wachezaji hadi penye maiti. Brophy akapita juu ya mbao moja kwa moja. Yancey akashika ukingo wa uwanja, akazunguka eneo lote la bao, akasimama ng'ambo, kwenye mstari.

"Afande, mbao hizo hapo," Brophy akamwita. "Unazunguka nini?"

"Nazunguka baba yangu."

Brophy alikuwa na mwaka mmoja tu mjini Marlow, mtu wa Arizona. Akatazama chini ya viatu vyake kama aliyekanyaga kitu.

"Amezikwa hapa?"

"Majivu yake. Na ya watu wengine chungu nzima. Mzee Dombeck alipokuwa mwenye timu, kila mwaka theluji ikiyeyuka alifumba macho siku moja, geti likafunguliwa, watu wakaja na vikopo vyao vya majivu. Kiwanda cha chuma kilishafungwa, kanisa letu likauzwa likawa duka la matairi. Wangepelekwa wapi tena? Kwa hiyo hapa hatukanyagi. Wachezaji wanakanyaga, wao wana ruhusa. Wengine tunazunguka."

Brophy akatoka juu ya mbao taratibu.

Timu yenyewe, Wahunzi wa Marlow, ilikuwa maiti ya pili hapo uwanjani. Tangu Bwana Tolliver wa Texas alipoinunua kwa warithi wa Dombeck, walikuwa wakifungwa nyumbani na ugenini. Kwanza akauzwa mrusha mpira wao, kijana wa mji. Halafu jezi zikabadilishwa rangi. Nyasi zikang'olewa, yakatandikwa mazulia ya plastiki. Kocha akafukuzwa kwa ujumbe wa simu. Na kazi hizo zote mkono ulikuwa wa Sorrell. Tolliver alikuwa akitoa amri tu kutoka kwenye ndege yake.

"Kwa hiyo wenye sababu ya kumuua ni wangapi?" Brophy akauliza.

"Chukua idadi ya watu wa mji. Toa watoto wachanga."

Daktari wa maiti alikuwa amepiga magoti kando ya mwili. "Jana jioni," akasema. "Mechi imekwisha, theluji imeshakatika. Aliyempiga alikuwa mbele yake, mkabala. Ganda la risasi limeokotwa kwenye mstari wa bao, hapo uliposimama."

Yancey akazitazama nyayo. Watu wawili walitoka katikati ya uwanja wakija kaskazini, bega kwa bega, kama watu wanaozungumza. Kwenye mstari wa bao mmoja akaendelea, akaingia ndani, akageuka, akaanguka. Huyo Sorrell. Wa pili alikomea mstarini. Hapo alikanyagakanyaga. Kisha akafuata mstari hadi kwenye kona, akapita nje ya ukingo, akazunguka eneo lote mpaka mlango wa wachezaji.

Mlango ulikuwa mbele yake, hatua chache tu. Ametoka kuua mtu, bastola ingali moto mkononi, na bado akachukua njia ndefu.

"Ni mwenyeji," Yancey akasema polepole. "Na ana mtu wake humu."

"Nusu ya mji ina mtu wake humu, umesema mwenyewe."

"Ndiyo. Lakini watazamaji wanapekuliwa na mashine. Bastola iliingia kwa geti la wafanyakazi, pale mlinzi anakagua sura, hakagui mifuko. Na tazama soli."

Soli ilikuwa ya buti za mpira, zile ambazo timu huwagawia wote wanaofanya kazi uwanjani. Zote namba tofauti, alama moja, na theluji laini ilikuwa imebomoka kingo, hata namba haikupimika. Kamera nazo zilikuwa zimeng'olewa. Tajiri alikuwa akifunga mitambo mipya.

Mchana simu ya Tolliver ikaingia.

"Inspekta, mkamate yule kocha. Alimtishia Craig mbele za watu."

"Kocha yuko Florida, bwana. Jana alikuwa anamwoza binti yake. Kuna picha zake akicheza muziki, vibaya sana."

"Basi tafuta mwingine, na haraka. Jumapili tuna mechi, nahitaji uwanja wangu."

"Pole kwa msiba," Yancey akamwambia.

"Msiba gani?" Tolliver akauliza, kisha akakumbuka, akashukuru, akakata.

Mlinzi wa geti aliwataja wenye buti waliochelewa kutoka. Walikuwa wawili. Wa kwanza, Emil Vrabel, fundi wa nyasi tangu enzi za Dombeck, ambaye siku hizi kazi yake ni kufagia plastiki. Wa pili, Leonard Hruska, mkubwa wa watu wa mnyororo. Hao ndio wazee wanaosimama pembeni ya uwanja na fito zao mbili na mnyororo katikati, wakipima kama timu imesogea vya kutosha kuendelea kushika mpira. Marlow kazi hiyo hurithishwa kama kiti cha kanisani. Jumapili ile Sorrell alikuwa amewaambia kwamba wasirudi tena. Kipimo kitakuwa cha kompyuta.

Majivu ya mama mkwe wa Emil yalikuwa kaskazini. Ya mke wa Hruska, Marlene, pia.

"Wote wawili wangezunguka," Brophy akasema. "Tumerudi palepale."

"Tuwaone kwanza wanavyotembea."

Kesho yake Yancey akasimama kwenye mlango wa wachezaji, nyuma ya eneo la bao. Maiti ilikuwa imeondolewa, nyayo zimepigwa picha, utepe wa polisi umelegezwa. Brophy akamleta Emil hadi katikati ya uwanja, akamwambia inspekta anamhitaji kule.

Emil akaja na kofia yake ya sufi na tumbo lake mbele. Akafika kwenye mstari wa bao. Akapita. Akakatiza eneo lote hadi kwa Yancey bila hata kutazama chini.

Damu ikampanda Yancey. "Emil. Unamkanyaga baba yangu."

Yule mzee akasimama.

"Simkanyagi, binti Yancey."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Hayupo." Akavua kofia. "Hawapo. Hakuna mtu hapa tena. Walipoleta plastiki walichimba udongo wote, kina cha kiuno. Nilimwambia Sorrell, bwana, upande huu una watu. Akaniambia, hivi nyie watu wa Marlow mna wazimu? Udongo ni udongo."

"Ukapelekwa wapi?"

Emil akaonyesha kwa kidevu, nje ya ukuta. "Maegesho mapya. Yale ya wageni matajiri wanaotazama mechi kutoka vyumba vya juu. Palikuwa na bonde, wakalijaza, greda likasawazisha, wakamwaga lami."

Yancey alijua maegesho yale. Jumapili alipita hapo, akawaona wageni wa Tolliver wakichoma soseji kwenye majiko yao makubwa, na mmoja amesimama nyuma ya gari anakojoa.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi, Sorrell na tajiri. Madereva walitoka jimbo jingine. Sorrell aliniambia nikifungua mdomo naondoka siku hiyohiyo. Sijamwambia hata mke wangu. Kila Jumapili anapuliza busu huku kwa mama yake, nami nimekaa naye pembeni, natabasamu." Akaufuta uso kwa kofia. "Nikamate tu kwa hilo, kama lina kifungu."

"Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Na vijana wa greda la theluji, wale wa manispaa, nje ya geti la kusini. Waulize."

Brophy akawauliza. Ilikuwa kweli, vijana walisema Emil hakuwaacha hata kwenda chooni, na walitamani angewaacha, maana aliimba.

Yancey alikaa kwenye benchi la wachezaji akivuta pumzi. Kisha akasema, "Mlete Hruska."

"Afande, kama unataka kupumzika—"

"Mlete, Brophy."

Leonard Hruska alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kazi lililopigwa pasi. Mji mzima ulimjua. Ndiye aliyewahi kumshika mwandishi wa habari mgeni shingoni, akamtoa kwenye eneo la kaskazini kama anayetoa mbwa jikoni. Alipofiwa na Marlene hakuomba uhamisho wala mapumziko. Aliomba apangwe upande wa kaskazini, basi.

Brophy akamwacha katikati ya uwanja. Yancey akapunga mkono kutoka mlangoni.

Hruska akaanza kutembea. Mstarini hakupunguza mwendo. Akakanyaga plastiki ya eneo la bao, hatua baada ya hatua, uso umekauka, akaja hadi mbele ya inspekta.

"Umeniita, Delphine?"

Yancey angependa sana kutouliza.

"Leonard, njia yako imebadilika."

"Njia gani?"

"Miaka yote hiyo sijawahi kukuona ukikatiza hapo. Leo umekatiza. Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Kwamba Marlene hayupo."

Mzee kwa mara ya kwanza akageuka, akatazama alikopita.

"Emil hakusema," Yancey akaendelea. "Tajiri hakujui hata jina. Anabaki mmoja, na huyo hawezi kusema tena. Alikwambia lini, Leonard?"

"Mnyororo wangu uko stoo," Hruska akasema. "Naomba usitupwe. Wa kwangu mwenyewe, si wa timu."

"Na bastola?"

"Iko humohumo. Chini ya mnyororo."

Brophy akaenda, akarudi nayo ndani ya mfuko wa ushahidi. Yancey akamsomea mzee haki zake, ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili. Hruska akasikiliza zote kwa adabu, kisha akasema wakili hamtaki, ana haraka ya kusema.

Kituoni walimpa kahawa. Hakuinywa. Kinasa sauti kikawashwa.

"Ulimfuata kwa nia ya kumuua?"

"Hapana. Bastola natembea nayo, mtaa wangu unaujua. Nilikuwa nakunja mnyororo. Yeye alikuwa anatembea uwanjani na simu yake, kama kawaida yake. Nikamngoja amalize."

"Ukataka nini kwake?"

"Kazi sikuombi, nikamwambia. Weka kompyuta zako. Niachie tu mahali pa kusimama kaskazini siku za mechi. Nikae kimya, nisilipwe. Nifagie, nibebe maji, lolote. Nikamwambia kuhusu Marlene." Akasukuma kikombe pembeni. "Nilimbembeleza, Delphine. Mimi. Tukawa tunatembea, mimi namshika mkono wa koti kama ombaomba."

"Yeye akasemaje?"

"Alichoka. Sidhani alikuwa na nia mbaya, alichoka tu, alikuwa na baridi, tumefungwa. Tulipofika mstarini mimi nikasimama. Yeye akaingia, akageuka, akaruka. Hivi, mara mbili, kama mtoto kitandani. Akasema, tazama, mzee, hakuna mtu. Mkeo yuko chini ya magari huko nje tangu kiangazi. Nenda nyumbani."

Brophy aliacha kuandika.

"Halafu?"

"Halafu nikampiga."

"Kama alishakwambia hayupo, kwa nini ulizunguka ulipoondoka? Ungekatiza, tusingekupata."

Hruska akafikiri. Swali lilionekana kumsumbua kuliko mengine yote.

"Masikio yalishasikia," akasema. "Miguu ilikuwa bado. Nimelala siku mbili, hapana, sijalala, nimekaa. Nikajumlisha. Msimu mzima nimesimama pale nikimweleza. Marlene, tumepoteza mpira. Marlene, wamemfukuza kocha. Marlene, kijana mpya hajui kurusha. Nilikuwa naongea na zulia." Akakunjua vidole juu ya meza. "Leo uliponiita nikaona, nizunguke nini?"

Yancey akazima kinasa sauti. Maelezo yakachapwa, kesho yake yakaletwa, akamsogezea. Hruska akayasoma yote, kidole chini ya kila mstari, kama mtu anayepima.

"Jumapili wanacheza?" akauliza.

"Wanacheza. Tolliver amepiga simu mara mbili. Nimemwambia upande wa kaskazini nitaufunga mpaka wataalamu wamalize, wacheze wanavyojua."

"Na maegesho?"

Jana usiku mama yake Yancey alikuwa amemuuliza, wataenda lini uwanjani kumsalimia baba, naye akasema karibuni.

"Maegesho siwezi kuyafunga, Leonard. Niliuliza hadi kwa mwanasheria wa mji. Hakuna kosa lililotendeka pale. Majivu hayakuwa na kibali, kwa hiyo kisheria hakuna kilichohamishwa."

"Kwa hiyo Sorrell ana utepe wa polisi," mzee akasema, "na Marlene hana."

Yancey akafungua kifuniko cha kalamu, akamwekea mbele yake. Hruska akatia sahihi.