Dawati la Bwana Agbeko

Kila asubuhi Dzigbodi alimfunga mdogo wake Yayra kitambaa cha kuning'inizia mkono, akabeba vitabu vya wote wawili, wakaenda shule. Yayra alivunjika mkono dawati lilipokatika darasani akiwa amelikalia. Madawati hayo aliyatengeneza Bwana Agbeko kwa zabuni ya halmashauri, na hayakumaliza hata muhula. Alipoulizwa, alicheka mbele ya wazazi.

"Huyo alikuwa akirukaruka," alisema. "Wafundisheni watoto wenu kukaa."

Dzigbodi alilala na kicheko kile, akaamka nacho.

Halmashauri ilipotangaza zabuni mpya, kila mwombaji aliambiwa alete dawati la mfano. Agbeko alileta lake. Edem, baba yake Dzigbodi, fundi seremala, naye alileta. Mchana huo Dzigbodi alitoka shule akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa halmashauri yalikowekwa madawati hayo, bisibisi ikiwa mfukoni. Mlinzi alikuwa ameenda kununua kenkey, chakula chake cha mchana.

Alipiga magoti, akalitikisa dawati la Agbeko. Halikucheza. Mbao zilikuwa nzito, kona zimebana. Hasira ikamzidi: kumbe anajua kutengeneza! Akaiweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

"Unataka kulegeza ngapi?"

Alikuwa Bi Sename, mwenyekiti wa kamati ya zabuni.

"Zote," Dzigbodi alijibu bila kuinuka. "Aanguke. Ajue inavyouma."

"Atakayelikalia kulijaribu ni mimi, si Agbeko. Na wewe si binti wa Edem? Ungegusa skrubu moja tu, ningemwondoa baba yako kwenye zabuni leo hii. Nipe hiyo."

Dzigbodi alimpa, machozi yakimlengalenga. "Basi mtampa tena yeye. Lake ndilo zuri kuliko yote."

"Dawati moja zuri yeyote anaweza kuleta. Sisi tunaangalia bei, tunaangalia mafundi alionao, na tunaangalia kazi aliyokwisha kufanya. Hiyo kazi yake iko wapi?"

"Nyuma ya jiko la shule. Mengine yako stoo, hayajatumika. Mwalimu mkuu anaogopa kuyatoa."

"Tutakuja kuyaona."

Walikuja kweli, kamati na waombaji wote. Agbeko alivaa joho jeupe la darizi. Aliyatazama madawati yaliyovunjika, akasema, "Utundu wa watoto huu."

Bi Sename akaagiza litolewe moja la stoo. "Hili halijaguswa na mtoto, Bwana Agbeko. Tafadhali, kaa."

Agbeko alilitazama. Akatazama miguu myembamba ya dawati, akasogeza joho, kisha akabaki amesimama palepale.

"Kaa basi, mzee," mpishi wa shule alimwambia kutoka mlangoni. "Au hukufundishwa kukaa?"

Watu wakacheka. Agbeko hakukaa. Dzigbodi alimkazia macho mpaka mzee yule akainamisha uso, na moyoni alitamani angelikalia tu, likatike.

Kamati ilimwondoa Agbeko. Kazi walipewa mafundi wa mji wa jirani, kwa kuwa karakana ya Edem ilikuwa ndogo mno kwa kazi ile. Madawati yalipofika, Yayra alikalia la mbele.

Jioni hiyo Dzigbodi alimweleza baba yake habari ya bisibisi. "Nilitaka avunjike mkono, Baba. Mpaka sasa nataka."

Edem aliacha kula. "Hata mimi nilitaka. Usiku nilikuwa nasikia Yayra akilia, nikawaza mabaya. Lakini fikiri, mwanangu. Ungelegeza skrubu moja, leo Agbeko ndiye angekuwa mwenye haki, na mimi ningekuwa mlangoni kwake namwomba radhi. Mkosaji hukosa pa kujificha pale ukweli unapowekwa mbele ya watu. Ukitumia hila, wewe mwenyewe ndiye unayempa maficho."