Dawa ya Magoti ya Bi Time

Bi Time wa Wambaa alikuwa akiswali juu ya kiti. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki tena. Akimaliza swala ya alfajiri, hukaa hapo hapo akichua vidole mpaka vilegee, ndipo aende jikoni kuteleka chai. Mumewe, Mzee Kificho, huwa keshakwenda shamba kung'oa muhogo.

Asubuhi moja simu ililia kabla chai haijachemka. Alikuwa Yumna, binti yake wa pekee, aliyeolewa kisiwani Fundo. Yumna alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto akapewa jina la bibi yake. Ilikuwa aje ajifungulie kwa mama yake, lakini uchungu ulimshika mapema.

"Mama, somo yako huyu hapa. Mtazame."

Bi Time akaisogeza simu karibu na macho. Akaona shavu, akaona ngumi ndogo. Kisha mtandao ukasumbua, picha ikaganda. Akaendelea kuitazama hivyo hivyo mpaka chai ikafurika na kuzima moto.

Arobaini ya Yumna ilikuwa inakaribia. Bi Time hakutaka kitu kingine duniani ila kuwepo siku hiyo. Lakini kufika Fundo si kazi ya mtu wa magoti mabovu. Ni gari mpaka Wete, kisha boti, na kuipanda boti lazima uingie majini na kunyanyua mguu juu. Yeye hata ngazi ya barazani ilikuwa ikimshinda.

Daktari alikuwa amempa vidonge vya diklofenaki kwa maumivu ya viungo. Alimwambia ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula, kwa siku chache, kisha arudi. Vilimpa nafuu kidogo. Nafuu kidogo haikumtosha. Akaanza kumeza viwili viwili, na mara nyingine kwa maji matupu, kabla hajatia kitu tumboni.

Jirani yake, Bi Masika, alipomwona anachechemea alimletea vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Mie hivi ndivyo vinavyonisimamisha," alisema. "Jaribu, bibie."

Bi Time akavimeza pamoja na vile vya hospitali. Na kweli, maumivu yakapungua. Akaswali kwa kusimama. Akafungasha nguo zake na vijinguo vya mtoto.

Kisha tumbo likaanza kumwaka moto chini ya kifua. Choo kikawa cheusi, kinanata kama lami. Akiinuka anaona kiza. Hakumwambia mtu. Alijua Mzee Kificho akisikia tu, safari haipo.

Siku mbili kabla ya arobaini, Ruweida, muuguzi wa kituo cha afya anayekaa nyumba ya pili, alileta zawadi ya kumpelekea Yumna.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Ruweida hakukaa. Alimtazama usoni, kisha akamfunua kope taratibu.

"Mbona huna damu hivi? Tumbo linakuuma? Choo chako kikoje?"

Bi Time aliutazama mkoba wake wa safari. "Nikikwambia, utanizuia nisende kwa mwanangu."

"Niambie kwanza."

Akamwambia yote. Ruweida akaomba kuziona dawa, akamwita na Bi Masika aje na pakiti ya zile zake. Akasoma jina la dawa. Ilikuwa ibuprofeni.

"Majina mawili, lakini dawa hizi ni za ukoo mmoja," alisema Ruweida. "Hazimezwi pamoja. Zinatuliza maumivu, lakini ukizidisha zinachubua tumbo kwa ndani mpaka linatoa damu. Choo cheusi namna hiyo ni damu."

"Mbona mie hazinidhuru?" aliuliza Bi Masika.

"Mwili wako si wake. Bi Time ana presha, na dawa hizi zinaweza kuipandisha, zikaumiza na figo. Ndiyo maana dawa ya mtu hapewi mwengine, hata mkiwa mnaumwa maradhi mamoja."

"Nilitaka kumsaidia tu."

"Najua, Bi Masika."

"Basi nitarudi kwenye kimoja kimoja," alisema Bi Time. "Nikirudi kutoka Fundo nitakwenda hospitali."

"Hapana. Usimeze hata kimoja. Tunakwenda sasa hivi. Ukianguka ndani ya boti, Yumna atakupokea vipi?"

Bi Time alijifunika uso kwa ukaya wake, akalia bila sauti.

Hospitali walimlaza. Walimwongeza damu na kumpa dawa ya tumbo. Mzee Kificho alikaa pembeni mwa kitanda. Alikuja na maneno ya kugomba, lakini alipoona mkewe anavyoishikilia simu, akayameza.

Siku ya arobaini Yumna alipiga. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakicheka. "Wote wanakuulizia, mama." Bi Time alimwitikia kwa uchangamfu. Simu ilipokatwa akageukia ukutani.

Siku ya kutoka, daktari alimwambia zile dawa si zake tena. Alimpa parasetamoli, akamweleza kiasi asichokipita kwa siku. Akampa na mazoezi ya kunyoosha magoti akiwa amekaa.

"Maumivu yakizidi, usizidishe dawa. Njoo tuonane," alisema daktari. "Na kabla hujameza dawa nyengine, hata ya mafua, uliza."

Bi Time alifanya mazoezi yale barazani kila siku, na Ruweida akawa anapita kumtazama. Maumivu hayakwisha. Yalilegea tu, polepole, mpaka akaweza kushuka ngazi bila kushikwa.

Alipofika Fundo, mtoto alikuwa keshaota meno. Yumna alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Lakini mtoto alipopakatwa na bibi alilia, akamnyooshea mama yake mikono. Bi Time akamrudisha. Iliuma kuliko magoti, lakini hakulazimisha.

Jioni miguu ilivimba kwa safari. Yumna akaleta vidonge kutoka kabatini.

"Hivi ni vya mama mkwe, mama. Vizuri sana."

"Rudisha, mwanangu. Mie dawa yangu ninayo." Akamweleza kwa nini, na Yumna akavirudisha.

Mtoto alikuwa akiwatazama. Akatambaa mpaka kwenye mkeka, akakwea miguu ya bibi yake, akalala pale. Baada ya muda magoti yalikufa ganzi. Yumna akainama amchukue.

"Mwache," alisema Bi Time. "Mwache kwanza."