Moto wa Hiza na Mavuno ya Mathias

Mathias wa Kwaluguru alikuwa na shamba dogo na sauti kubwa. Akiita mbuzi wake, hata mbuzi wa majirani walikuja. Kila asubuhi alikunywa uji, akaenda shambani na mkewe Rosa. Mwaka huo mahindi yalikauka vizuri, yakingoja kuvunwa.

Ndipo jirani yake Hiza alipochoma majani shambani kwake. Alichoma mchana, upepo ukivuma. Hakulima njia ya kuzuia moto pembeni, wala hakuita watu wa kumsaidia kuulinda. Moto ukamponyoka. Uliteketeza mahindi yote ya Hiza mwenyewe, ukavuka mpaka, ukala karibu shamba zima la Mathias.

Hiza alikuja kuomba radhi. Mathias alimfungia mlango.

Ikakaribia Jumapili ya mavuno. Siku hiyo waumini hupeleka mazao madhabahuni kumshukuru Mungu, na Mathias, mzee wa kanisa, ndiye huyapokea.

"Hiza akija mbele nitamrudisha," alimwambia mwinjilisti Obadia, aliyekuja kuwatembelea. "Lazima tulinde utukufu wa Mungu."

Obadia aliweka chini kikombe cha chai. "Mzee Mathias, Musa alipoomba kuuona huo utukufu, Mungu alimjibu nini?"

 Mathias alidhani utukufu ni radi na moshi.

"Alimwambia atapitisha wema wake wote mbele yake. Kisha akajitaja kuwa mwenye huruma na neema, si mwepesi wa hasira. Sisi tumeuona zaidi kwa Yesu, pale msalabani, alipowaombea msamaha waliomtesa."

"Kwa hiyo Hiza asiambiwe kosa lake?"

"Aambiwe. Mungu hafichi dhambi. Lakini rehema ni kutompa mtu adhabu anayostahili. Neema inazidi hapo, ni kumpa wema asiostahili. Wewe uliokolewa kwa ipi, mzee?"

"Kwa zote mbili," alisema Rosa, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Mathias alikasirika, kisha akaona aibu. Maneno yale yalimkaa moyoni wiki nzima.

Jumapili kanisa lilijaa. Wengine, tusidanganyane, walikuja kutazama ugomvi. Hiza alikaa benchi la nyuma, mikono mitupu. Watu walipoanza kwenda mbele, yeye hakuinuka.

Mathias alichukua kikapu chake cha mahindi machache yaliyopona. Badala ya kwenda madhabahuni, akaenda nyuma. Watu wakageuza shingo.

"Mzee, sina nilicholeta," Hiza alinong'ona. "Nimeyachoma yote. Na yako pia."

"Najua. Ulikosea sana, na nimekusamehe. Shika upande huu wa kikapu, mimi nashika huu. Haya ni mavuno yetu wawili."

Wakatembea pamoja hadi mbele, Hiza akilia waziwazi. Rosa alipiga kigelegele, kanisa zima likapokea. Mathias alifurahi kuliko mwaka wowote aliovuna magunia.

Msimu uliofuata, kabla ya kuchoma majani, Hiza alilima njia ya kuzuia moto, akangoja upepo utulie, akaita majirani. Mathias alifika wa kwanza, na matawi mabichi mkononi. Moto haukuvuka.

Jumapili ya mavuno Hiza alikuja na kikapu kilichojaa. Alipofika madhabahuni aligeukia waumini.

"Mwaka jana niliuona utukufu wa Mungu," alisema. "Ulinifuata benchi la nyuma."