Kola Iliyobana Shingo

Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na kazi yake ilikuwa kushona. Futi ya kamba ilining'inia shingoni mwake kutwa. Ukipita mbele ya dirisha lake, tayari alijua upana wa kiuno chako, na kama umekula.

Lakini mwezi huo alikuwa na ugomvi na mumewe. Ugomvi wa kufua.

"Unazichemsha nguo zangu," alimwambia. "Tazama kola hii. Nimeilegeza mara tatu, bado inanikaba."

"Nafua kwa maji baridi, mke wangu. Baridi hadi vidole vinanilaumu."

"Basi sabuni yako ina kisirani."

Mume alikuwa na jambo jingine moyoni. Mkewe alikula sahani mbili, na bado alikonda. Viganja vyake vilitoa jasho la kumwagilia bustani, akawa anajipaka chaki asichafue kitambaa. Mikono nayo ilitetemeka. Kutia uzi kwenye sindano kulichukua muda wa kuiva maharage.

Mezani lilikuwepo gauni jeupe la arusi la binti wa muuguzi, jirani yao. Lilibaki pindo tu. Sindano alilishona mara mbili, na mara mbili likaenda upogo.

"Nikiliharibu hili, nafunga cherehani," alisema kwa sauti ndogo.

Jumamosi muuguzi akaja kuliona gauni. Sindano akamweleza habari ya kufua, maana alitaka shahidi.

"Na hiyo pini kiunoni ni ya nini?" muuguzi aliuliza.

"Kiuno kimelegea. Nimekibana."

"Nguo hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Muuguzi akamgeukia mume. "Shemeji, wewe ni hodari. Unafua nguo inasinyaa juu, inatanuka chini?"

Mume akacheka hadi akashika ukuta. Sindano hakucheka. Muuguzi aliichukua ile futi, akaizungusha shingoni mwa Sindano.

"Zamani ilikuwa ngapi?"

"Inchi kumi na tatu."

"Leo kumi na nne na nusu."

Sindano akaketi. Alikuwa amewapima watu wote wa mtaa, na shingo iliyobeba futi hakuipima. Akamwonyesha muuguzi viganja vyenye jasho na chaki, akasema moyo nao humwenda mbio.

"Nimeharibika tezi za jasho, dada?"

"Hapana. Tezi za jasho zina vijia vidogo, kama mirija. Hutoa jasho juu ya ngozi. Za mate hutoa mate mdomoni, za machozi, machoni. Ziko nyingine hazina kijia. Zinatengeneza homoni na kuziingiza kwenye damu. Damu inazisambaza mwilini. Moja iko hapa mbele ya shingo, umbo la kipepeo. Inauambia mwili uende mwendo gani."

"Kama pedali ya cherehani."

"Barabara. Nahisi yako imekanyagwa sana. Moyo unakimbia, chakula kinaungua upesi, joto linapanda, tezi za jasho zinajitahidi kukupoza. Lakini nahisi tu. Shingo ikivimba, homoni zinaweza kuwa nyingi, chache, au za kutosha. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema."

"Na gauni?"

"Arusi bado miezi mitatu. Litakungoja."

Jumatatu mume alimsindikiza zahanati. Damu ilionyesha homoni nyingi mno. Daktari alimpa vidonge, akamwambia asiviache hata akijisikia vizuri, na arudi kupimwa kila alipopangiwa.

Wiki za kwanza hakuona kitu, akanung'unika. Mume alimhesabia vidonge kama askari wa zamu. Kisha moyo ukatulia. Jasho likapungua. Asubuhi moja uzi uliingia kwenye tundu mara ya kwanza. Akalivuta gauni jeupe, akashona pindo mpaka mwisho. Lilinyooka.

Alipomaliza, alimshonea mumewe aproni ya kufulia. Hakusema samahani. Alimvisha tu, akamfunga kamba mgongoni, kisha akaivua futi shingoni mwake akampa.

"Haya," alisema, akiinua kidevu. "Leo nipime mimi."